Waziri Hakuahidi Kuvua Shati

Mke wangu ana miaka kumi na moja bungeni na hakuna aliyempigia kura. Ukiwasha televisheni wakati wa kikao utamwona pembeni, chini, ndani ya kisanduku kisichozidi kiganja, amevaa blauzi nyeusi isiyo na ua, hana pete, hana bangili, kucha amezikata fupi. Ni mkalimani wa lugha ya alama. Waheshimiwa wakisema kwa mdomo, yeye huwasemea viziwi kwa mikono. Wateja wangu humwita Kisanduku, naye amelipokea jina hilo bila kinyongo, kwa kuwa majina ambayo viziwi wamewapa waheshimiwa ni mabaya zaidi.

Hilo inafaa nilieleze. Kwa lugha ya alama mtu hatajwi kwa kuandika jina lake hewani herufi moja moja, maana wangefika jioni hawajamaliza kusalimiana. Hupewa alama ya kitu kimoja alicho nacho. Spika ni Kikohozi, yaani ngumi mdomoni mara mbili. Kiongozi wa upinzani ni Jikune-Kisogo. Waziri wa Usalama, ambaye ndiye chanzo cha habari hii, ni Vifungo, kwa sababu kila akisimama hufunga kifungo cha koti na akikaa hukifungua. Viziwi wa nchi nzima wanamjua Vifungo, na yeye mwenyewe hana habari. Mimi ni Kipara ingawa nina nywele, eti kinyozi mwenye nywele haiamini kazi yake.

Naam, mimi ni kinyozi. Televisheni ya dukani nimeiweka kwenye rafu nyuma ya kiti, ili anayenyolewa aione kiooni bila kugeuza shingo. Nami nikinyoa hutazama kioo hichohicho. Hivyo ndivyo nilivyojifunza lugha ya mke wangu tulipokuwa wachumba: nilimtazama kiooni saa za kazi, miezi minane, huku wateja wakilalamika kwamba siku za bunge ndevu zao hutoka na mabonde. Siku niliyopelekwa kwa mama mkwe, ambaye ni kiziwi tangu utoto, nilimsalimia kwa heshima zote, nikaeleza nilichokuja kuomba, nikataja na ukoo wetu. Alinitazama hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akamuuliza binti yake kwa nini kijana huyu anafanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na kama ameumia. Kioo kilikuwa kimenifundisha lugha nzima kinyumenyume. Binti nilipewa, lakini hadi leo nikianza kuongea viziwi huinamisha vichwa upande mmoja.

Mama mkwe ni fundi cherehani wa sare za shule. Hasikii mashine yake, ila akiweka kiganja mezani anajua sindano imechoka kabla haijavunjika. Nyumbani kwake kengele ya mlango ni taa: ukibonyeza, balbu ya sebuleni inawaka na kuzima. Mke wangu alizaliwa akisikia, mtoto pekee, na tangu ana miaka mitano ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake dukani, shuleni na hospitali. Akiwa na miaka tisa alimfasiria mama yake maneno ya daktari ambayo mtoto hapaswi kuyajua, na nje ya chumba kile hakuyatamka tena popote. Hata mimi sijui daktari alisema nini. Najua tu kwamba alirudi nyumbani, akamaliza kazi zake za shule, na siku ile akaamua kazi atakayoifanya maisha yake yote.

Kazi yenyewe ina masharti mawili. La kwanza ni usiongeze, usipunguze. La pili huwachanganya watu: mkalimani akisema "mimi", si yeye, ni yule anayemfasiria. Waziri akisema "mimi nimechoka", mke wangu hujigusa kifua na kusema "mimi nimechoka", na hakuna kiziwi atakayedhani Kisanduku ndiye aliyechoka. Kwa miaka kumi na moja mke wangu amejiuzulu mara tatu, ameapa kuilinda Katiba mara zisizohesabika, na siku moja alitangaza mbele ya taifa kwamba ana mke na watoto saba. Jioni ile nilimuuliza huyo mke mwenzangu yuko wapi nikamsalimie.

Basi ukaja muswada. Aliyetufafanulia dukani alikuwa Ibara. Huyu ni karani mstaafu wa mahakama, hunyolewa kila wiki hata kama hakuna cha kunyoa, na hatembei bila kijitabu cha Katiba mfukoni. Alisema muswada una vifungu thelathini na viwili, vingi havina madhara, lakini cha kumi na nne kina meno. Serikali haiwezi kusikiliza simu yako bila amri ya hakimu, hilo Katiba imelifunga. Lakini kifungu cha kumi na nne kinasema kinachonaswa na kamera mahali pa wazi si faragha, kwa hiyo hakimu haulizwi. Na kikihitaji kufasiriwa, mtu yeyote mwenye ujuzi ataitwa afasiri, na akikataa ni jela.

Mteja mmoja alisema yeye haoni ubaya, kwani kamera ikimnasa itamwona anatembea tu. Ibara akakubali kwamba ni kweli, kwa sababu maneno ya mteja hutoka mdomoni na kamera za barabarani hazina masikio. Kisha akaninyooshea kidole mimi.

"Mama mkwe wake je? Akiongea na shoga yake kituoni, kamera inanasa neno kwa neno. Mimi na wewe tuko ndani ya ukuta wa Katiba. Yule mama ameachwa nje kwa kosa la kuongea kwa mikono."

Nilizima mashine. Sikuwahi kulifikiria hivyo, na hasira zikanipanda palepale, maana nilijua atakayeitwa kufasiri ni nani. Wakalimani wenye kitambulisho nchi nzima hawafiki ishirini, na mjini kwetu wako wawili. Mmoja wao ninakula naye.

Siku ya mjadala, huyo mwenzake alikuwa likizo ya uzazi. Kwa kawaida hupokezana kila dakika ishirini, kwa sababu mikono huchoka na kichwa huchoka zaidi. Siku ile mke wangu alikuwa peke yake. Chumba chao kiko chini ya ngazi: kitambaa cha kijani ukutani, taa mbili kali, vipande viwili vya utepe sakafuni asivyotakiwa kuvivuka, na feni ambayo huzimwa ili isipeperushe blauzi. Alikuwa amesimama hapo dakika hamsini Vifungo alipofunga kifungo chake na kuanza kukitetea kifungu cha kumi na nne. Nilimwona kiooni akijigusa kifua. Mimi nitaweka kamera kila kituo. Mimi nitawaita wakalimani. Mimi sitavumilia wanaokataa. Sijui kama kuna kazi nyingine duniani ambayo mtu hulazimika kujitishia mwenyewe kwa ufasaha.

Halafu Waziri akasema, "Raia mwema hana cha kuficha." Wakapiga makofi. Akachukua glasi ya maji, akanywa taratibu kama mtu aliyemaliza kulima. Msemaji akinyamaza, mkalimani hushusha mikono na kuikunja tumboni, na viziwi wanajua kwamba hakuna linalosemwa. Mikono ya mke wangu haikushuka. Ilisema: "Kwa hiyo mimi, kesho nakuja bila shati." Ndipo ikakunjwa. Lote lile halikufikia urefu wa funda moja la maji.

Wakati huo nilikuwa na kichwa cha Ibara mikononi. Nilimchora mstari kisogoni uliochukua wiki tatu kuota.

Bungeni hakuna aliyejua kitu. Mke wangu alirudi nyumbani akicheka na kutetemeka kwa pamoja, akasema amechoka, mikono haikuwa na la kufanya, na neno likamtoka. Nilicheka hadi nikakaa chini. Naliandika hili ili ijulikane kwamba siku ya kwanza mimi sikuwa na msaada wowote.

Kesho yake ofisi ya chama cha viziwi ilijaa kuliko siku za mpira. Walikaa mbele ya televisheni wakisubiri. Vifungo aliingia na suti, tai, na kizibao juu ya shati, akafunga kifungo. Malalamiko yalikuwa makubwa. Ikumbukwe kwamba kwao aliyesema ni Waziri, kwa kuwa "mimi" ya mkalimani ni ya Waziri. Katibu wa chama akaandika barua ya heshima, akimkumbusha Mheshimiwa ahadi yake na kufafanua kwamba hawadai avue yote, shati tu linatosha. Wiki moja baadaye jibu likaja, mstari mmoja, sahihi na muhuri: Waziri hakuahidi kuvua shati. Barua ile ilipitishwa mkono kwa mkono. Wakasema ndiyo serikali hiyo, imesema mbele ya macho yetu na sasa inakana mchana kweupe, kana kwamba hatukuona.

Mtu mmoja tu alikuwa anajua. Mama mkwe anaifahamu mikono ya binti yake kama mwalimu anavyofahamu miandiko ya wanafunzi wake. Maneno ya Vifungo siku zote hutoka makubwa, mikono mbali na mwili. Yale ya shati yalitoka madogo na ya haraka, namna mke wangu anavyotania mezani. Alijua sekunde ileile. Alisubiri binti yake aje mwenyewe. Mke wangu naye akajitia hamnazo.

Tulikwenda Jumapili kama kawaida yetu. Tukabonyeza taa, tukafunguliwa, tukala. Vyombo vilipoondolewa mama mkwe akafuta mikono na kuuliza nani aliahidi shati. Mke wangu akasema ulikuwa utani, mama, na yule mtu anastahili.

"Kumchukia Waziri ni haki yangu," mama mkwe akasema. "Kumwekea maneno mdomoni si haki yako."

Alimtaka aende mbele ya chama akiri. Mke wangu akasema akikiri atanyang'anywa kitambulisho, na kifungu cha kumi na nne kitapita huku viziwi hawana mtu wa kuwasemea mjini. Akaomba angoje muswada umalizike. Mama mkwe akasema kumbe ndiyo hivyo, hata yeye sasa ana cha kuficha. Baada ya hapo mikono ilikwenda mbio nikawa naokota neno hapa na pale, na kwa vile naokota kwa upande wa kushoto sikuthubutu kuingilia. Mwishowe mama mkwe aliinuka na kuzima taa. Ilikuwa saa moja jioni, mapazia yameshushwa. Katika nyumba ile kuzima taa ni sawa na kubamiza mlango mahali pengine, kwa kuwa gizani hakuna awezaye kukujibu. Tulitafuta viatu kwa kupapasa na tukaondoka.

Wiki mbili mama mkwe hakumwita binti yake, na akitumiwa ujumbe hajibu. Mke wangu aliendelea na kazi, lakini nilimwona kiooni akikunja mikono mapema mno, kabla msemaji hajamaliza pumzi, kama mtu anayeogopa vidole vyake. Usiku wa manane sikuwa macho, sijui kama alilala. Asubuhi alikuwa na macho mekundu na hataki kuulizwa.

Ndipo Kamati ya Bunge ya Katiba na Sheria ikatangaza kupokea maoni ya wananchi kuhusu muswada, katika ukumbi wa maktaba. Mke wangu alikuwa amekwisha kuandika kurasa tatu za maoni yake kama mkalimani. Nilizisoma, zilikuwa nzuri hata Ibara alizitikisia kichwa. Lakini chama cha viziwi kikamchagua mama mkwe akazungumze kwa niaba yao, na mkalimani aliyekuwepo mjini ni mmoja. Mkalimani hawezi kuwa shahidi na mdomo wa shahidi katika kikao kimoja. Ama aseme yake, na mama yake asimame mbele ya wabunge akirusha mikono ambayo hakuna anayeielewa, ama amsemee mama yake na ya kwake yabaki kwenye karatasi.

Alizitia kurasa zake kwenye droo ya vijiko. Kisha, kama ilivyo desturi ya kazi, alimtumia mama yake ujumbe akiomba kujua mapema atakachosema, ili aandae maneno magumu. Safari hii alijibiwa. Ujumbe ulikuwa na maneno matatu: Utasikia na wenzako.

Nilifunga duka siku hiyo nikaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama mia mbili, wengine wamekaa kwenye madirisha. Wabunge watano mezani, na katikati yao Mwenyekiti, mama mmoja mpole mwenye kalamu tatu. Kila mtoa maoni alipewa dakika saba, na kila neno liliandikwa. Viziwi walikaa safu za nyuma, wapatao thelathini. Mimi nilikaa katikati na Ibara. Mama mkwe aliitwa, akapanda jukwaani na gauni alilolishona kwa shughuli hiyo, akasimama akiielekea hadhira na meza ya wabunge kwa pembeni. Mke wangu akakaa kando yake na kipaza sauti. Hawakusalimiana.

Mama mkwe alianza, na sauti ya mke wangu ikamfuata.

"Mimi ni fundi cherehani, nina miaka sitini na sita. Nimeongea mbele za watu maisha yangu yote kwa sababu mikono haina pa kunong'ona. Sisi tuna adabu yetu. Ukiona watu wawili wanaongea na hayakuhusu, unageuza uso. Tunawafundisha hivyo watoto kabla hawajajua kusoma. Muswada huu unaweka jicho lisilojua kugeuka. Mnasema kilicho mahali pa wazi si siri. Na ninyi mnaongea siri zenu barabarani kila siku, na mko salama kwa sababu tu kamera haisikii. Kamera ikipata masikio kesho mtakimbilia kwa hakimu. Mimi naomba hakimu wangu leo."

Ibara alinibana mkono hadi ukauma. Mbunge mmoja aliyekuwa anasoma simu aliiweka chini. Mimi nilikuwa nimeanza kupumua, nikijua mama mkwe amewaweka pale anapotaka, ndipo akasema kwamba sasa atazungumza juu ya wakalimani.

"Siku Waziri aliposema raia mwema hana cha kuficha," ikasema sauti ya mke wangu, "mkalimani wa televisheni aliongeza kwamba Waziri atakuja bila shati. Waziri hakusema hivyo. Sisi viziwi tumemwita mwongo kwa neno lisilo lake."

Kisha mama mkwe akasema sentensi mbili nyingine. Niliziona vizuri, hata kwa macho yangu ya kiooni. Mkalimani huyo ndiye anayenisemea sasa. Ni binti yangu.

Mke wangu alikuwa ameshika kipaza sauti na mdomo wake uko wazi kidogo. Wasiosikia walikuwa wameshaelewa. Huko nyuma kiti kimoja kilianguka. Wanaosikia walikuwa wanangoja tu, wakidhani mama anapumzika. Angeweza kuruka. Angeweza kusema chochote kile, kwamba mkalimani huyo ameshaonywa, kwamba yuko mji mwingine, na katika wale wabunge watano hakuna ambaye angejua. Mama yake mwenyewe asingejua, kwa kuwa hasikii. Niseme ukweli wangu: nilitamani aruke. Nilimpenda na nilitamani aruke.

"Mkalimani huyo ndiye anayenisemea sasa," mke wangu akasema. Sauti ilikuwa kavu lakini ilifika hadi madirishani. "Ni binti yangu."

Ukumbi ulivuma. Mwenyekiti akagonga meza mara moja. Mama mkwe hakungoja.

"Alifanya kwa mzaha, na mimi tangu siku ile sijalala vizuri. Kifungu cha kumi na nne kinataka afanye kwa amri. Mtamkalisha mbele ya picha yangu na kumwambia, tuambie mama huyu anasema nini. Nikianza kumwogopa mkalimani, sina daktari, sina mwalimu, sina hakimu, maana wote hao nawafikia kupitia kwake. Mtakuwa mmetufunga midomo bila kutugusa. Sikumwambia binti yangu kwamba nitamtaja. Na mimi sisikii. Sijui kama amewaambia au ameruka. Kwa hiyo nawaomba: kila aliyesikia kosa la binti yangu anyooshe mkono."

Mke wangu aliyasema yote hayo hadi neno la mwisho, machozi yakimtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja una kipaza sauti na mwingine ulikuwa umeshikilia kiti.

Wa kwanza kunyoosha alikuwa Mwenyekiti. Wakafuata wabunge wanne, yule wa simu akiwa wa mwisho. Kisha ukumbi mzima, safu kwa safu, hadi wale wa madirishani. Ibara alinyoosha wa kwake na Katiba ndani yake. Mimi nilinyoosha yote miwili. Viziwi wa nyuma peke yao ndio hawakunyoosha, kwa kuwa wao hawakusikia, waliona. Mama mkwe aliitazama mikono ile kuanzia kushoto hadi kulia, polepole, kama anayekagua mishono, na uso wake, ambao kwa wiki tatu ulikuwa umefungwa, ukafunguka.

Yaliyofuata nitayasema upesi, ili niishie pale ninapotaka. Mke wangu alisimamishwa miezi mitatu. Alikwenda mbele ya chama akakiri tena, kwa mikono safari hii, na katibu akamlazimisha amwandikie Waziri barua ya radhi. Waziri alijibu kwamba amesamehe na kwamba shati lake liko salama, jambo lililowafanya viziwi waanze kumpenda kidogo, ingawa jina halikubadilika. Kifungu cha kumi na nne kilirudi bungeni kimepunguzwa meno: mazungumzo ya mikono sasa yanahitaji amri ya hakimu kama simu. La kuwalazimisha wakalimani halikufutwa, ila sasa amri itatoka kwa hakimu, na Ibara anasema hapo bado tuna kesi. Kurasa tatu za mke wangu ziko kwa Ibara, anazifanyia kazi.

Lakini siku ile, mikono ikiwa bado juu, mama mkwe alimgeukia binti yake. Alitupa mgongo sote, mimi, wabunge na viziwi wenzake, akamwambia kitu kwa mikono midogo, karibu na kifua. Hakikuwa kirefu. Mke wangu alikitazama, akaanza kulia kwa sauti kabisa, hadi kipaza sauti kikapiga mluzi.

Mwenyekiti akauliza kwa upole shahidi amesema nini, kwa kuwa kila linalosemwa katika kikao lazima liandikwe.

Mke wangu alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akamfasiria mama yake swali la Mwenyekiti, akatazama jibu, akasogeza kipaza sauti.

"Shahidi anasema hayo si ya Bunge."

Mwenyekiti aliwatazama wawili hao, akaweka kalamu chini, akaita mtoa maoni anayefuata.